Namba Tisa kwenye Skii ya Kushoto

Tangu saa mbili asubuhi skii mbili, mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, zilikuwa zimelala juu ya meza ya Inspekta Ludovic Ntirampeba, na kila askari aliyepita mlangoni alisimama kutoa ushauri ambao hakuombwa. Mmoja alilaumu theluji ya mwaka ule, kwamba ilikuwa ngumu kama saruji. Mwingine alisimulia goti la shemeji yake mwanzo hadi mwisho. Wa tatu alimweleza polepole, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni kutumia lifti, kwamba skii hazina ya kushoto wala ya kulia. Mtu huvaa yoyote mguu wowote.

"Asante," Ludovic alisema. "Nilikuwa karibu kuzivaa."

Alikuwa ameishi Stockholm miaka kumi na minane, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa polisi, na bado kila Februari alishindwa kuelewa watu wazima wanaolipa ili wapandishwe kilima kwa mashine, kisha warudishwe chini kwa machela. Hakuwachukia. Aliwadharau tu, kwa utulivu, jinsi mtu anavyomdharau jirani anayejenga ukuta bila msingi.

Kesi alikabidhiwa na mkuu wake, Göran Wallin, kwa maneno machache. "Mshukiwa ni Mkongo. Chukua wewe, mtaelewana." Ludovic alizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi. Kwa Göran, hiyo na Bukavu ya Kongo vilikuwa kitu kimoja.

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Alhamisi ya wiki iliyopita Henrik Åkerblad, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, mkurugenzi wa mauzo wa kampuni ya mitambo ya kupitisha hewa, alikwenda na wenzake kumi na wanne wa ofisini kwenye mteremko wa Gråbacken, kusini mwa jiji. Wote walikodi skii. Saa tisa na dakika tatu mchana Henrik alianguka. Skii ya mguu wa kulia ilichomoka kama inavyotakiwa. Ya kushoto haikuchomoka. Mwili uligeuka, mguu ukabaki umeelekea ulikokuwa. Muundi ulivunjika mahali patatu na goti likasokotwa.

Kinachoshika buti kwenye skii ni kifungio cha chuma chenye skrubu na namba. Namba ikiwa ndogo, mtu akianguka kifungio kinaachia. Ikiwa kubwa, kinang'ang'ania, na kitakachoachia ni mfupa. Kwenye fomu ya Henrik fundi alikuwa ameandika tano na nusu. Wapimaji wa polisi walikuta skii ya kulia iko tano na nusu. Ile iliyotolewa mguuni mwa Henrik na waokoaji, yenye lebo ya namba 41 iliyochanika kona, ilikuwa tisa.

Fundi alikuwa Onésime Mushagalusa, miaka thelathini na mmoja, mkazi wa Hagsätra. Alifukuzwa kazi siku iliyofuata. Maombi yake ya uraia yalikuwa yamekaa kwenye idara ya uhamiaji tangu Oktoba, na hukumu moja ya kumjeruhi mtu kwa uzembe ingeyarudisha nyuma miaka mingi. Aliingia chumba cha mahojiano amevaa koti la kanisani na tai, akaketi ukingoni mwa kiti. Ludovic aliwasha kinasa sauti, akataja tarehe, kisha wakazungumza Kiswahili ambacho mkalimani angekitafsiri baadaye.

"Uliandika tano na nusu."

"Tano na nusu, grand," alijibu, akimwita kaka mkubwa kwa Kifaransa. "Kilo sabini na nne, buti la milimita mia tatu na kumi na tano. Yeye alisema anajua sana, nimuandike kundi la tatu, la mabingwa. Nikamuangalia vile anatembea na mabuti. Nikamuandika kundi la kwanza, la wanaoanza."

"Akakubali?"

"Alikasirika. Kisha akasaini, kwa sababu wenzake walikuwa nyuma yake kwenye mustari wanasikia."

"Halafu ukakaza ya kushoto mpaka tisa."

"Tisa ni ya mutu wa mashindano. Miaka mine pale Gråbacken sijaweka tisa hata mara moja."

"Mwendesha mashtaka anasema ulisahau skii moja."

"Sikusahau."

Ludovic alingoja. Waongo wengi aliowahoji hujaza kimya kwa maneno. Huyu alikaa tu, mikono magotini.

"Nani mwingine ana bisibisi pale?"

"Kila mutu. Patron alitundika moja inje, kwenye kibao karibu na mulango wa kafe, imefungwa na munyororo. Wateja wanajikazia wenyewe, wasirudi kutusumbua ndani. Nilimuambia mara mbili ni hatari."

"Bosi wako, Torsten Hjelm, ameandika kwenye maelezo yake kuwa bisibisi zote ziko kwa mafundi."

Onésime alitazama tai yake, akainyoosha. "Basi ameitoa," alisema.

* * *

Daktari wa mifupa, Agneta Sköld, alimpokea Ludovic kwenye ujia wa hospitali, akila ndizi. Alikuwa amewashona watelezaji kwa miaka ishirini na kuandika utafiti juu yao, na hakuonekana kuwa na huruma nyingi iliyobaki.

"Unataka kujua nani huvunjika? Ni wale wale kila mwaka. Anayeanza, na hasa anayeanza akiona aibu kuanza. Aliyekodi vifaa na hajui vimewekwaje. Anayeshuka kwa kasi asiyoimudu, saa ya mwisho, mapaja yamechoka na theluji imegeuka barafu. Wanaoteleza kwa ubao mmoja huniletea vifundo vya mikono, maana hujikinga kwa viganja. Wa skii huniletea magoti. Kama kifungio hakiachii, huniletea na muundi."

"Na pombe?" Ludovic alikuwa amesikia kuwa watu wa kampuni ile walikunywa divai ya moto mchana, na njiani alikuwa ameanza kuipenda habari hiyo.

"Damu yake ilikuwa safi. Hapo huna kitu."

"Helmeti?"

"Hakuvaa. Kichwa chake kilisalimika kwa bahati, si kwa kutumika." Alitupa ganda la ndizi. "Nilimuuliza ana uzoefu gani. Akasema ni mzoefu. Nikamuuliza ameteleza mara ngapi maishani. Akasema mara mbili, na ya kwanza ilikuwa shuleni."

"Kwa hiyo katika hayo uliyotaja, anayo mangapi?"

"Ondoa pombe. Mengine yote anayo. Lakini utafiti wangu haukuwa na safu ya majivuno, Inspekta. Sikujua jinsi ya kuyapima."

* * *

Torsten Hjelm, mmiliki wa Gråbacken, alikuwa mtu mrefu mwenye uso uliochomwa na jua la milima ya mbali zaidi kuliko kilima chake. Alimwonyesha Ludovic duka la kukodisha vifaa kama mtu anayeonyesha jumba la makumbusho, akigusa kila kitu.

"Nataka fomu zote za jozi namba 41," Ludovic alisema. "Tangu mwanzo wa mwezi."

"Zote? Tatizo ni fomu moja."

"Zote."

Zilikuwa kumi na tisa. Ludovic alizipanga juu ya kaunta kwa tarehe, akazisoma moja moja huku Torsten akihema juu ya bega lake. Mteja wa mwisho kabla ya Henrik alikuwa kijana mnene wa kilo themanini na tisa, na vifungio vyake viliwekwa sita na nusu. Kabla yake, tano. Kabla yake, nne. Hakuna aliyefika hata saba.

"Mwendesha mashtaka angehitaji penseli tu," Ludovic alisema. "Kama Onésime angesahau skii moja, skrubu ingebaki pale mteja wa jana yake alipoiacha. Yaani sita na nusu. Tisa haitokani na kusahau. Tisa ni mtu aliyesimama akageuza bisibisi kwa makusudi."

"Labda alichanganya namba. Watu hawa huchanganya."

"Watu gani?"

Torsten alijikuna shavu. "Wafanyakazi wa msimu."

"Misimu minne, na hajakosea hata fomu moja katika hizi. Nikupe kalamu unionyeshe iliyokosewa?"

Torsten hakuitaka kalamu. Ludovic akamwomba orodha ya lango la lifti ya kupandia kilima, ambako mashine huandika kila kadi inapopita. Torsten aliichapa upesi, kwa furaha ya mtu anayeombwa kitu kisicho na madhara. Kadi ya Henrik ilipita kila baada ya dakika nane au tisa tangu saa saba. Mara ya mwisho kabla ya ukimya ilikuwa saa nane na dakika kumi na tisa. Kisha hakuna kitu. Kisha saa tisa kasoro dakika nane, mara moja tu, kwenye lifti ya mteremko mkali. Dakika kumi na moja baadaye alikuwa amelala chini na mguu umegeuka. Katika maelezo yake kwa polisi Henrik alisema aliteleza mchana kutwa bila kupumzika.

Ludovic alitoka nje akatembea hadi mlango wa kafe. Ukuta ulikuwa wa mbao nyekundu, rangi imefifia kwa miaka. Kando ya mlango palikuwa na pembenne moja ambamo wekundu ulikuwa bado mzito, na kwenye kona zake matundu manne ya skrubu yenye mbao nyeupe ndani.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Ubao wa matangazo," Torsten alisema.

Pembenne ilikuwa usawa wa kiuno. Ludovic aliinama, akapiga picha, akainuka. "Mlikuwa mkiwatangazia mbwa?"

Torsten alisema alikuwa na mkutano.

* * *

Kampuni ya Henrik ilikuwa na ofisi Vällingby, ghorofa mbili juu ya duka la viatu. Wafanyakazi saba waliohojiwa kwa simu walikuwa wametoa jibu moja, kwamba hawakuona kitu na wanamtakia Henrik nafuu. Ludovic aliijua adabu hiyo. Alikuwa ameishi ndani yake miaka kumi na minane, na ilimchosha kuliko matusi.

Mapokezini aliketi msichana mwenye kibandiko kilichoandikwa Natacha Umutesi. Ludovic alimsalimia kwa Kiswahili, akamuuliza kama alikuwepo siku ile. Msichana alijibu kwa Kiswidi, bila kusita, jinsi ambavyo bila shaka humjibu mama yake nyumbani.

"Nilikuwepo. Mimi ni wa muda, mkataba unaisha Ijumaa, kwa hiyo mimi ninaweza kusema." Alitoa simu. "Hii umeshaona?"

Ilikuwa video ya nusu dakika. Henrik anashuka kwenye mteremko wa watoto, mikono imepanuka, anamwita mwanamke mmoja amtazame. Kwa mwendo wa mtu anayekwenda kununua mkate anainamia upande, anaanguka kwa makalio. Skii ya kushoto inachomoka, inashuka peke yake mpaka miguuni pa mtoto wa miaka mitano, ambaye anaiokota na kumpelekea. Kicheko cha watu wengi. Ludovic alisimamisha picha pale mtoto alipoinua skii. Namba 41, lebo imechanika kona.

"Ilipigwa saa ngapi?"

"Saa nane na dakika ishirini na saba. Imeandikwa hapo."

"Baada ya hapo alikwenda wapi?"

"Alisema vifaa vyake ni vya kitoto. Akabeba skii zake kuelekea kafe. Sisi tukaendelea."

"Nani ameiona video hii?"

"Kila mtu. Hata tawi la Malmö wanayo." Natacha aliitazama simu yake kwa uso usio na kitu. "Yeye peke yake ndiye hajaiona."

Ludovic alisimama kwenye ngazi akipanga mambo. Kifungio cha namba tisa hakimwachii mtu anayeanguka kwa mwendo wa kununua mkate. Kwa hiyo saa nane na dakika ishirini na saba skii ile ilikuwa mahali Onésime alipoiweka, na ilifanya kazi yake barabara: ilimwachia mpumbavu asiumie. Baada ya hapo mpumbavu aliichukua akaenda nayo upande wa kafe, na akarudi kwenye lifti saa tisa kasoro dakika nane.

* * *

Henrik Åkerblad alikuwa kitandani, mguu umeinuliwa na fremu ya chuma imepita ndani ya ngozi. Alikuwa amechana nywele. Alimpa Ludovic mkono kama mwenyeji wa mkutano.

"Natumaini hili linaisha," alisema. "Simtakii mabaya yule kijana. Lakini lazima mtu awajibike."

"Ni kweli. Uligusa skrubu za vifungio?"

"Sikugusa. Hiyo ni kazi yao."

"Ulipumzika wakati wowote mchana ule?"

"Hapana. Nikianza huwa sisimami."

Ludovic aliweka simu juu ya blanketi na kubonyeza. Chumba kizima kilisikia kicheko. Henrik alitazama mpaka mwisho. Shingo yake ilibadilika rangi kabla ya uso.

"Nani amekupa hii?"

"Hilo si jambo la kukuhangaisha. Skii hii ndiyo iliyokuvunja mguu. Hapa inachomoka kwa anguko la kitoto. Dakika thelathini na sita baadaye haichomoki kabisa. Katikati kadi yako haikupita langoni. Ulikuwa wapi?"

"Wameiona watu wangapi?"

Ludovic alikuwa amekaa na wezi wa mitaani na wanaume wanaopiga wake zao, na wengi wao, walipofika hapa, waliuliza kitu chenye maana zaidi.

"Nimekuuliza ulikuwa wapi."

Henrik alitazama dirisha. "Niligeuza kidogo tu," alisema.

"Skii zote mbili?"

"Ile moja. Ile iliyo..." Alionyesha simu kwa kidevu.

"Mizunguko mingapi?"

"Sikuhesabu. Mpaka ikawa ngumu kugeuka."

"Kwa bisibisi gani?"

"Ile ya mnyororo, pale kafe. Imewekwa pale kwa ajili hiyo, si kosa kuitumia. Kuna mtu alikuwa ameitumia kabla yangu."

"Na ulipoulizwa na polisi ukamtaja fundi."

"Niliulizwa nani alirekebisha vifungio. Yeye alivirekebisha. Sikusema uongo."

"Ulijua atafukuzwa."

Henrik alikuwa amechukua simu ya Ludovic mkononi na kuirudisha video mwanzo, akaisimamisha kabla hajaanguka, pale alipokuwa bado amesimama na mikono imepanuka. "Haya lazima yaandikwe?" aliuliza. "Yaani, ofisini watayasoma?"

"Yameshaandikwa," Ludovic alisema, akachukua simu yake. "Na ofisini hawana haja ya kuyasoma."

* * *

Kibao walikikuta kwenye chumba cha kupakia skii nta, nyuma ya masanduku, kimezungushiwa mfuko mweusi wa takataka. Mnyororo ulikuwepo, na bisibisi mwishoni mwake. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa wino: JIHUDUMIE. Matundu yake manne yalilingana na ya ukutani.

Torsten Hjelm alikaa juu ya sanduku akiwatazama askari wawili wakikipiga picha. "Nilikitoa jioni ile ile," alisema. "Mtu yeyote mwenye biashara angekitoa."

"Kisha ukaandika maelezo na kuweka sahihi kwamba hakikuwepo."

"Nilikuwa na wafanyakazi tisa wa kufikiria."

"Wanane. Wa tisa ulimpa polisi."

"Yeye ni kijana, angepata kazi nyingine. Mimi nikifunga hapa, nafunga kabisa." Torsten alisema hivyo bila haya, akimweleza jambo la kawaida kabisa, na Ludovic aliona kuwa hata sasa mtu huyu hakufikiri kuwa amemtendea mtu ubaya. Alifikiri amebahatika vibaya.

Ludovic alimsomea tuhuma: kuficha ushahidi, na kumsingizia mtu asiye na hatia. Torsten aliuliza kama ni kwa ajili ya kibao tu. Alipokuwa akivalishwa koti aligeuka mlangoni. "Mwambie Onésime anaweza kurudi Jumamosi. Kuna watu wengi wikendi."

Ludovic alipiga simu kutoka garini, dirisha likiwa limefunikwa na theluji nyembamba. Onésime alipokea mlio wa kwanza.

"Jina lako linatoka kwenye faili kesho asubuhi," Ludovic alisema. "Mteja aliikaza mwenyewe. Amekiri, na kibao tumekipata."

Nyuma ya Onésime ilisikika sauti ya treni.

"Na mguu wake?" Onésime aliuliza.

"Atatembea na fimbo."

"Pole yake."

Ludovic aliudhika, na hakujua aliudhika na nani. "Mtu huyu alikuwa tayari uhukumiwe ili ofisini wasimcheke."

"Najua. Lakini kuandika kundi la kwanza mbele ya wenzake vile, kwa sauti... Ningemuita pembeni."

"Ungemwita pembeni angekaza vilevile."

"Labda, grand."

"Torsten anasema urudi Jumamosi."

Onésime alicheka kidogo, mara ya kwanza Ludovic kumsikia akicheka. "Hapana. Niko kwenye treni ya Märsta, nimepata kazi ya kupakia mizigo pale uwanja wa ndege. Naanza leo. Masanduku hayana majivuno. Unaliweka kwenye mizani, linasema kilo zake, linanyamaza."

Ludovic alimtakia kazi njema. Kisha akafungua faili juu ya usukani, akapiga mstari juu ya jina la Onésime kwenye ukurasa wa kwanza, na kuandika la Torsten Hjelm, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote.